Reli mbili, shaba moja: Wakubwa wanagombania nini kati ya Lobito na Dar es Salaam?

Lori lililobeba shaba halionekani kama limebeba kitu. Trela ni refu na tambarare, na sehemu kubwa ya mgongo wake iko wazi. Mzigo wenyewe ni mafungu machache ya mabamba mekundu, yamepangwa chini chini na kukazwa kwa minyororo, hayafiki hata kiunoni mwa mtu mzima. Mpita njia asiyeijua biashara hiyo atadhani tajiri wa lori anachoma dizeli bure. Lakini shaba ni nzito, na mafungu yale machache yanatosha kufikisha tani 30 hivi, na mizani haitaki zaidi ya hapo.

Safari huanzia Kolwezi au Likasi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Inapita Lubumbashi, inavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, inaikata nchi hiyo hadi Nakonde, inaingia Tunduma, kisha Mbeya, Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga ambako hata dereva mzoefu hupunguza maneno, Mikumi, Morogoro, na mwisho bandari ya Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 2,000. Kinachowatesa madereva kuliko umbali ni foleni. Kasumbalesa au Tunduma mtu anaweza kulala chini ya lori lake siku kadhaa akisubiri karatasi, na kwenye kulala huko mama lishe, wabadilisha kwacha, wauza vocha na mawakala wa forodha hupata riziki yao. Lori hilohilo likirudi juu hubeba mafuta, bidhaa za madukani, na salfa inayotengenezewa asidi ya kuchenjulia madini.

Mafungu hayo machache ya mabamba ndiyo yanayowasafirisha marais na mawaziri wakuu siku hizi. Desemba 2024 Joe Biden, zikiwa zimebaki wiki chache aondoke Ikulu ya Washington, alitua Angola, Rais wa kwanza wa Marekani kufika nchi hiyo akiwa madarakani, akaenda hadi Lobito kwenye pwani ya Atlantiki kuitazama reli. Novemba 2025 Waziri Mkuu wa China, Li Qiang, alifika Lusaka kuzindua ukarabati wa reli nyingine, TAZARA, akiwa na Rais Hakainde Hichilema wa Zambia na Makamu wa Rais wa Tanzania, Emmanuel Nchimbi. Reli zote mbili zinayalenga mawe yaleyale. Moja inayavuta kwenda magharibi, nyingine inayavuta kuja kwetu.

Mada hii ikizuka, hakosi mtu wa kuleta methali ya tembo wapiganao na nyasi. Naomba safari hii tuiweke kando. Nyasi za Katanga, eneo hilo la kusini mwa Kongo, ni shaba na kobalti, na tembo hawazikanyagi kwa bahati mbaya, wamekuja kuzila. Swali ni nani anayepanga bei.

Walipotushindania mara ya kwanza

Ushindani huu si mgeni hapa. Zambia ilipopata uhuru Oktoba 24, 1964, shaba yake ilitegemea reli zilizopita kwenye ardhi ya wakoloni na walowezi: Rhodesia, Msumbiji na Angola. Mwaka uliofuata, Novemba 11, Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia, na Kenneth Kaunda akajikuta anauza mali yake kwa kupitia uani kwa adui. Yeye na Julius Nyerere walizunguka kutafuta wa kuwajengea reli ya kwenda Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilijibu kwamba reli hiyo haitalipa. Nchi za Magharibi nazo hazikuwa na haraka.

China ya wakati ule haikuwa tajiri. Ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, na wananchi wake wengi walikuwa maskini kama sisi. Hata hivyo Septemba 5, 1967 mkataba ulisainiwa Beijing: mkopo wa yuani milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Gharama za ndani zilipatikana kwa njia ambayo leo ingewashangaza wahasibu wa wizara. Tanzania na Zambia zilipokea bidhaa za China kwa mkopo, zikaziuza madukani, na fedha za mauzo zikalipa vibarua na mahitaji mengine ya ujenzi. Mwananchi aliyenunua bidhaa ya Kichina dukani miaka hiyo alikuwa, bila kujua, anatandika mataruma.

Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na vijana wa JKT walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kazini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, zaidi ya kilomita 500, reli ilikwenda haraka, ikamalizika ndani ya mwaka mmoja na ushee. Kisha ukaja mlima. Kati ya Mlimba na Makambako bonde la Kilombero linakwisha na nyanda za juu zinainuka ghafla. Udongo unateleza, mito imejichimbia makorongo, na mvua ikinyesha kilima kinahama. Mahandaki na madaraja mengi ya reli nzima yamebanana kwenye kipande hicho kifupi, likiwamo daraja la mto Mpanga lililosimama juu ya nguzo zenye kimo cha mita 50. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika miaka ya ujenzi, na wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Gongo la Mboto, ambako viongozi wa China wanaozuru Dar es Salaam huenda kuweka mashada. Julai 1976 reli yote, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa wenyewe.

Linalosahaulika ni kwamba Wamarekani nao hawakukaa wakitazama. Wakati Wachina wanatandika reli, Marekani ilitoa fedha za kujenga barabara kuu ya lami ya Tanzania na Zambia, ileile ambayo malori ya shaba yanaipita leo. Waitaliano walikuwa wameshamaliza bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, mwaka 1968. Ndani ya miaka isiyozidi kumi nchi mbili maskini zilipata bomba, barabara na reli, kila kimoja kwa mkono wa mkubwa tofauti. Hiyo haikuwa bahati. Nyerere na Kaunda walijua wanachotaka kabla mgeni yeyote hajabisha hodi: njia ya kwenda baharini isiyopita kwa makaburu. Mkubwa aliyekuja aliambiwa njia inaelekea wapi, akabaki kuchagua kama atasaidia au la.

Lakini sipendi jinsi hadithi hii inavyosimuliwa kwenye sherehe, kana kwamba kila kitu kilikwenda vizuri hadi wabinafsi walipoingia. Oktoba 1978, miaka miwili tu baada ya makabidhiano, Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya kusini iliyokuwa imefungwa tangu 1973, kwa sababu mizigo ilikuwa imekwama bandari ya Dar es Salaam na mbolea ya wakulima wake haifiki. Reli ilikuwapo, ila bandari ilikuwa imeziba. Mwaka uliofuata majeshi ya Rhodesia yakalilipua daraja la Chambeshi. Vichwa vya treni vya mwanzo vilishindwa na ule mwinuko wa Makambako, na kufikia miaka ya 1980 reli ya Mwenyekiti Mao ilikuwa inavutwa na injini za teknolojia ya General Electric ya Marekani.

TAZARA ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haijafika huko hata mara moja. Kilele chake ni tani milioni 1.2 na kitu, mwishoni mwa miaka ya 1970. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994, sababu ya kisiasa iliyoibeba reli ilikwisha. Migodi ya Zambia ikauzwa kwa watu binafsi, na wenye migodi wakapenda malori. Mwaka wa fedha 2014/15 ilisafirisha tani zipatazo 88,000 tu. Malori 3,000 yangeumaliza mzigo huo wa mwaka mzima. Wafanyakazi waligoma mara kwa mara wakidai mishahara ya miezi iliyopita, na abiria waliokata tiketi ya treni walijifunza kubeba chakula cha siku ya ziada.

Kichekesho cha Lobito

Upande wa pili wa bara kuna reli yenye umri mkubwa zaidi na historia ya kuchekesha zaidi. Mwaka 1902 Mskochi mmoja, Robert Williams, rafiki wa Cecil Rhodes, alipata kibali cha Wareno cha kujenga reli kutoka ghuba ya Lobito hadi kwenye madini ya Katanga. Kampuni yake iliitwa Tanganyika Concessions. Haikutuhusu sisi, kwa maana nchi yetu ilikuwa bado haijapewa jina hilo. Williams alilichukua kwenye ziwa. Reli ilifika mpaka wa Kongo mwaka 1929, na miaka miwili baadaye ikaungana na ile ya migodini. Kwa zaidi ya miaka 40 ndiyo ilikuwa njia fupi ya shaba kwenda Ulaya.

Vita ya Angola ilipowaka mwaka 1975 reli hiyo ya Benguela ilikatwa. Madaraja yalilipuliwa, mabomu ya ardhini yakafukiwa kando ya njia, na vita iliendelea hadi 2002. Walioifufua ni Wachina. Kati ya 2006 na 2014 kampuni ya China Railway 20 iliitandika upya, kwa gharama inayokaribia dola bilioni 1.8, na Februari 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia wakakutana Luau mpakani kuifungua.

Julai 2023 uendeshaji wa reli hiyo ulikabidhiwa kwa miaka 30 kwa kundi la kampuni tatu za Magharibi: Trafigura, mfanyabiashara mkubwa wa madini na mafuta, Mota-Engil, mjenzi wa Ureno, na Vecturis ya Ubelgiji. Shirika la Marekani la fedha za maendeleo, DFC, likaahidi mkopo wa dola milioni 553. Tangu hapo Lobito inatajwa Washington na Brussels kama jibu la Magharibi kwa China barani Afrika.

Sasa tazama jibu lenyewe. Mataruma yalitandikwa na Wachina. Na mmoja wa wabia watatu, Mota-Engil, ana mwanahisa mkubwa anayeitwa CCCC, kampuni ya ujenzi ya serikali ya China, yenye karibu theluthi moja ya hisa zake. Mtu akikuambia ile ni reli ya Marekani na hii ni ya China, msikilize kwa adabu, lakini usimwamini sana.

Hata hivyo Lobito si maneno matupu, na Dar es Salaam ingekosea kuidharau. Kutoka Kolwezi hadi bahari ya Atlantiki ni kama kilomita 1,700 za reli moja kwa moja, bila Kasumbalesa na bila Tunduma. Agosti 2024 shehena ya shaba ya Kongo ilipitia huko ikaelekea Baltimore, Marekani. Udhaifu wake uko katikati: kipande cha Kongo, kutoka Kolwezi hadi Dilolo, kiko mikononi mwa shirika la reli la SNCC, na hali yake ni mbaya, treni inayokimbia Angola ikifika hapo hutambaa. Upo pia mpango wa kujenga reli mpya ya takriban kilomita 800 kuiunganisha Angola na Zambia moja kwa moja. Reli hiyo ikijengwa, Hichilema atakuwa na milango miwili, na amekuwa akisema wazi kwamba anaitaka yote. Simlaumu. Nchi iliyoshindwa kulipa madeni yake mwaka 2020, ikahangaika miaka kadhaa kupatana na wadai, wakubwa wao Wachina, inajua hatari ya kumtegemea mmoja.

Kinachogombaniwa

Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na kwa shaba sasa iko nyuma ya Chile tu. Kobalti inaingia kwenye betri za simu na magari ya umeme; shaba inaingia kwenye kila waya. Kwa migodi hiyo kuangukia mikononi mwa Wachina, Marekani haina wa kumlaumu. Mwaka 2016 kampuni yake, Freeport-McMoRan, iliuza hisa zake kwenye mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume kwa kampuni ya China inayoitwa leo CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Miaka minne baadaye iliwauzia Wachina haohao na eneo la Kisanfu. Hakuna aliyenyang'anywa. Walihesabu faida, wakauza, wakaondoka. Leo serikali yao inatumia mikopo na ziara za marais kurudi kwa mlango wa reli.

Na ugumu wake ni huu: migodi mingi mikubwa ya Katanga sasa ni ya Wachina, na viwanda vya kusafisha kobalti vya China ndivyo vinavyoongoza duniani kwa mbali. Anayemiliki mgodi na kiwanda anaweza kuupitisha mzigo wake Lobito, ukaizunguka Afrika na kuishia Asia vilevile. Reli peke yake haibadilishi mwenye mali.

Aliyebadilisha kitu ni Kinshasa. Februari 2025, bei ya kobalti ikiwa chini kabisa, serikali ya Félix Tshisekedi ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi. Wengi walidhani ni tishio la wiki mbili. Zuio likaongezwa, na Oktoba likageuzwa kuwa mgawo: kila mgodi na kiasi chake. Ndani ya mwaka huohuo bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Unaweza kuisema serikali ya Kinshasa mengi, na mengi yatakuwa kweli, lakini katika vurugu yote hii ya wakubwa, ndiyo iliyochukua hatua iliyosikika kwenye soko la dunia.

Siasa za ukanda zimehama pia. Kundi la waasi la M23 lilipouteka mji wa Goma Januari 2025, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC walikutana kwa pamoja Dar es Salaam Februari 8. Jeshi la Tanzania lilikuwa miongoni mwa majeshi ya SADC yaliyopelekwa mashariki mwa Kongo. Tukadhani suluhu itatafutwa kwetu. Haikuchukua muda mazungumzo yakahamia Doha na Washington. Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini makubaliano ya amani Washington, na Desemba 4 marais wao, Tshisekedi na Paul Kagame, wakafanya hivyo mbele ya Donald Trump. Siku hiyo Kinshasa na Washington zilisaini pia ushirikiano unaogusa madini, na ukanda wa Lobito umo ndani yake. Kutoka Goma hadi Kolwezi ni kama kilomita 1,000, vita ya kule na migodi ya huku ni mambo tofauti, lakini Kongo imeyaweka kwenye kapu moja kwa sababu imeona kuwa amani yake pekee haina mnunuzi. Siku chache baada ya kalamu kukauka, M23 waliingia Uvira, mji mwingine wa mashariki mwa Kongo.

Tanzania nayo haiingii kwenye meza hii ikiwa na nguvu zake zote. Baada ya vurugu na vifo vilivyoandamana na uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, Washington ilitangaza kwamba inaupitia upya uhusiano wake nasi. Beijing haikuwa na neno la namna hiyo. Wapo wanaofurahia kwamba tuna rafiki asiyeuliza maswali. Mimi naona tumepoteza kitu ambacho Nyerere alikuwa nacho mwaka 1967, yaani uwezo wa kumwambia mmoja kwamba mwenzake amekwisha kuja na masharti bora. Mnunuzi akijua umebaki na duka moja la kuuzia mahindi yako, atakupa bei yake.

Halafu kuna wa tatu, ambaye hatajwi sana kwa kuwa hapigi kelele. Oktoba 2023, baada ya mjadala uliowasha nchi nzima na kufika Mahakama Kuu Mbeya, DP World ya Dubai ilisaini mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Mwaka uliofuata AD Ports ya Abu Dhabi, pamoja na Adani ya India, wakanunua kampuni iliyokuwa ikiendesha kitengo kingine cha makontena. DP World hiyohiyo iko Luanda, Angola, tangu 2021. Wakati Washington na Beijing wanavutana juu ya reli, Waarabu wa Ghuba wamekaa kwenye magati, wakilipwa kwa kila kontena bila kuuliza limetoka wapi. Ukikumbuka yaliyomkuta Kaunda mwaka 1978, si ajabu wao ndio waliosoma historia vizuri kuliko wote.

Miaka 30 mingine

Mkataba mpya wa TAZARA ulisainiwa Septemba 2025. Kampuni ya CCECC ya China itaweka dola bilioni 1.4, itumie miaka mitatu kukarabati na 27 kuendesha. Vitaletwa vichwa vya treni 32 na mabehewa ya mizigo 762. Jina la reli ni lilelile na mgeni ni yuleyule, ndiyo maana kwenye hotuba za uzinduzi undugu wa zamani ulipewa nafasi kubwa. Masharti ni mengine kabisa. Mwaka 1967 tulikopeshwa bila riba, reli ikawa yetu tangu siku ya kwanza, na hasara yake ikawa yetu pia. Sasa mwekezaji analeta fedha zake ili azirudishe na faida juu. Hakuna dhambi katika hilo. Tumeiendesha wenyewe miaka 40 na ushee na matokeo tunayajua. Ila mfanyabiashara hujadiliwa kama mfanyabiashara. Kumwita ndugu mezani ni kumpunguzia kazi.

Maswali ninayoyasikia kwa watu wa njia hiyo ni ya kawaida mno. Tozo ya kusafirisha tani moja itapangwa na nani, na mfanyabiashara wa Njombe mwenye viazi atalipa sawa na mgodi wa Kolwezi au zaidi? Kampuni ya Kitanzania yenye mabehewa yake itaruhusiwa kupita? Upana wa TAZARA, milimita 1,067, unalingana na reli za Zambia na Kongo, ila reli yetu ya kati ya zamani ni ya milimita 1,000 na SGR ni 1,435. Nchi moja ina vipimo vitatu vya reli, na mzigo ukitaka kutoka kwenye kimoja kwenda kingine lazima ushushwe na kupakiwa upya. Nani atagharimia makutano hayo?

Na lipo la Kilombero. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyeandika kitabu kizima juu ya TAZARA, aligundua kwamba waliofaidika kwa kudumu zaidi na reli hii hawakuwa wachimba shaba. Walikuwa wakulima na wachuuzi wa kati ya Kidatu na Makambako, waliotumia treni fupi ya abiria ambayo wenyewe waliibatiza Kipisi. Kwa treni hiyo ndizi za Mlimba zilipanda, mchele wa Ifakara ulipanda, na kuna vijiji ambavyo masika barabara yao ilikuwa reli hiyo tu. Treni ikisimama dakika chache stesheni, biashara yote ya wiki ilifanyika dirishani: mkungu unapita juu, noti inashuka chini, chenji inarushwa treni ikiwa imeshaanza kuondoka. Kwenye hesabu za kampuni, treni kama hiyo ni hasara. Inachelewesha shaba, na nauli yake haitoshi hata mafuta. Isipoandikwa kwenye mkataba, itakufa, tena bila mtu yeyote kuamua kuiua.

Madereva wa malori nao wana hofu yao, ingawa naona imezidi kipimo. Mabehewa 762 hayawezi kumaliza shaba ya Kongo, na hata reli zote mbili zikikamilika barabara itabaki na kazi. Ila Tunduma itapungukiwa. Mji ule umejengwa juu ya kusubiri, na treni haisubiri mpakani kama lori. Halmashauri yake inafaa ianze kufikiria leo, wakati mataruma mapya hayajafika.

Wabunge wa Kilombero, Mlimba, Makambako, Mbeya na Tunduma wana nafasi ambayo wenzao wengi hawana, kwa kuwa reli inapita majimboni mwao na wapiga kura wao wanaijua kwa jina la utani. Waudai mkataba huu bungeni, wausome ibara kwa ibara, na watuambie wananchi mambo mawili tu kwa kuanzia: tozo ya tani moja itakuwa shilingi ngapi, na treni ya abiria itasimama Mlimba mara ngapi kwa wiki.